Mgeni na Mlango Wake

Ukiacha mlango wazi, mtu akaingia na kuanza kuishi humo, una haki ya kuufunga? Nauliza kuhusu programu, ingawa wenye nyumba za kupangisha watanielewa upesi zaidi.

Mimi hutengeneza maktaba za programu, yaani msimbo ambao waprogramu wengine huuchukua wakajengea vyao juu yake. Kinachoninyima usingizi ni kiolesura, pale mgeni anaposhika. Siku hizi kila mtu anataka kiolesura kinachopanuka, aongeze chake bila kuomba ruhusa. Kwani nani atakataa ukarimu?

Firefox ilikuwa karimu kupita kiasi. Kwa miaka mingi iliwaachia watengenezaji wa nyongeza waguse karibu kila kitu ndani ya kivinjari. Wakaunda vitu ambavyo Mozilla wenyewe hawakuviwaza. Lakini mgeni akishazoea kushika kila kitu, huwezi kuhamisha hata kijiko jikoni bila kumvuruga. Mozilla walipotaka kukigawa kivinjari ili ukurasa mmoja ukikwama usiangushe vingine, nyongeza nyingi zikawa kizuizi. Novemba 2017 likaja toleo la 57, na nyongeza za mtindo wa zamani zikakatwa zote. Kiolesura kipya kilikuwa chembamba. Nyingine hazikuweza hata kuandikwa upya, maana mlango zilimopitia haukuwepo tena.

Wengi waliwalaani kwa kufunga. Mimi naona deni lilianza siku walipojenga nyumba bila kuta. Mgeni akikaribishwa barazani, akapewa kahawa na mazungumzo, hajanyimwa kitu kwa kuwa hakufika chumba cha ndani.

Nikishajiridhisha hivyo, Stuart Feldman ananivuruga. Mwaka 1976, pale Bell Labs, aliandika programu ya Make, ambayo mistari yake ya amri lazima ianze na kitufe cha Tab. Nafasi za kawaida haizikubali. Alipoona ni kero, tayari alikuwa na watumiaji kama 12 hivi. Hakutaka kuwaharibia kazi, akaacha. Hadi leo kuna wanafunzi wanaohangaika na Tab hiyo usiku kucha. Siwezi kumlaumu. Wale 12 walikuwa na majina na nyuso, sisi wengine tulikuwa hatujafika. Lakini je, asiyefika hadai kitu?

Kuna dada mmoja, sijawahi kumwona, anayehesabu akiba ya dawa za zahanati kwa kutumia amri niliyoiandika kwa matumizi ya ndani tu. Tunaandika kwa Python, lugha isiyo na kufuli la kweli: kistari cha chini mbele ya jina ni ombi tu, eti tafadhali usiguse. Mwenzangu anasema, “Si alionywa? Shauri yake.” Kwa kanuni, ni kweli. Ila huyu dada hakuiba chochote. Alikuta kinachoshikika, akashika, na kuna mgonjwa nyuma yake.

Basi amri yake itabaki mwaka mzima, ikitoa onyo kila inapoitwa, na nimemwandikia kumweleza njia mpya ya kupitia. Amri nyingine zote nazianzia ndani. Mwenzangu ananiita mchoyo. Nimemjibu aniletee mtu mmoja anayeihitaji na sababu yake, nami nitafungua siku hiyo hiyo.