Je, Yafaa Kutafuta Mchumba kwa Simu?



Siku hizi hata vijana wa vijiji vya kandokando ya Likasi huongea kwa simu na watu wa Kolwezi, Lubumbashi au nchi za mbali, ambao hawajawaona kamwe. Kwa Facebook na WhatsApp hupelekeana picha na maneno matamu, na baada ya majuma machache huitana wachumba. Basi tuulize: Je, ni dhambi?

Simu yenyewe si dhambi, wala si vibaya kuposa mbali. Isaka hakumwona Rebeka kabla ya kuletewa. Lakini Abrahamu alimtuma mtumishi mwaminifu, naye alimtazama binti kisimani akiwanywesha ngamia kumi, akauliza habari za jamaa yake, akalala kwao. Rebeka naye aliulizwa kama anataka kwenda, akakubali. Vivyo hivyo, Union Minière ilipowaleta Likasi wafanyakazi wa Kasai katika miaka ya 1920, wengine walitafutiwa wake kwao. Shangazi au mjomba ndiye aliyekuwa jicho lao.

Hatari ya simu ndiyo hii: yaleta maneno, haileti shahidi. Yakobo alikaa kwa Labani miaka saba, na hata hivyo alidanganywa, akapewa Lea badala ya Rakeli. Sembuse yeye amwaminiye mtu asiyejulikana na yeyote? Mwenye mke aweza kujiita kapera. Picha yaweza kuwa ya mwingine. Mwombaji wa fedha za safari akiisha kuzipokea kwa M-Pesa, hunyamaza. Wako pia waombao picha za aibu, kisha hutisha kuzitangaza. Na binti aliyemfuata mtu wa namna hiyo mji wa ugenini, usiku atamlilia nani?

Kuna jambo kubwa zaidi. Ndoa hufanywa na ridhaa ya mume na mke. Aliyedanganywa amempa moyo wake mtu asiyekuwako. Ndiyo maana Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1098, yasema kwamba ndoa si halali kama ridhaa ilipatikana kwa hila juu ya sifa iwezayo kuharibu vikali maisha ya ndoa. Na tangu Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 Kanisa liliagiza ndoa zitangazwe, ili ajuaye kizuizi aseme.

Mtasema: “Wazazi nao hukosea, wengine hutazama mahari tu.” Ni kweli. Shahidi hashiki nafasi ya ridhaa yenu, huilinda tu.

Basi shikeni haya. Kwanza, msimfiche mchumba: wazazi na mkatekista wajue jina lake na kwao. Pili, ndugu mwaminifu aende akamwulizie kwao, hata kwa Padri wa parokia yake. Tatu, msitume fedha wala picha za aibu, wala msisafiri peke yenu kwenda kwake.

Mchimbaji hasadiki kila jiwe la kijani. Hulipeleka likapimwe shaba yake. Na ninyi wenyewe hamtabatizwa kwa maneno yenu matupu: msimamizi atashuhudia mwenendo wenu mbele ya Kanisa. Ikiwa mlango wa Ubatizo wataka shahidi, je, mtaingia katika Ndoa bila shahidi?