Lakabu ya Mlaji

Imekuwa ada katika siku zetu kwamba mtu akionekana amepunguza wali sahanini mwake, au amemwachia jirani yake pande la nyama lililomwelekea, haulizwi tena kama ni mgonjwa au mzima, bali huulizwa anafuata daiti gani; na swali hilo huulizwa kwa yakini kubwa, kana kwamba haimkiniki binadamu kula kwa kiasi pasipo kujiandikisha mahali. Ajibuye kwamba hafuati kitu hudhaniwa ama ni mjinga wa mambo ya siha, ama ni bahili wa siri yake. Mimi nimeulizwa hivyo na wapwa zangu, na majirani, na hata mwenye duka, na kwa kuwa waulizaji aghalabu ni watu wa mapenzi na adabu, nimeona si insafu kuwajibu kwa mzaha. Lakini jibu langu la kweli ni refu kuliko subira ya mtu aliyesimama na sahani mkononi, na kwa hiyo naliweka hapa.

Ninachokula hakina ajabu. Ugali wa nyumbani kwetu ni wa dona, kwa sababu mahindi yanapokobolewa yakawa sembe hupokonywa ganda na kiini cha punje, na pamoja navyo huondoka sehemu kubwa ya vitamini na ya makapi yanayolisaidia tumbo katika kazi yake. Mboga ni mchicha, kisamvu au matembele, yenye tui jepesi. Kitoweo ni changu mfuko unaporuhusu, na dagaa usiporuhusu. Kunde na choroko hazikosekani jikoni. Chumvi tumeipunguza tangu tabibu aliponionya juu ya shinikizo la damu, naye hakuniambia jambo geni, kwani Shirika la Afya Duniani huwanasihi watu wazima wote, wagonjwa na wazima, wasifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichojaza kijiko cha chai. Chajio twala mapema. Nyama sikatai nikipewa, wala siitafuti, na pilau ya harusi naila kwa furaha. Sasa mwenye kunitafutia jina na anitafutie: mla mboga siwi, maana nala dagaa, mkataa wanga siwi, maana ugali u mbele yangu, na mla samaki pekee siwi, maana harusini nimeonekana na watu.

Majina haya ya milo yana tarehe yake, na mwenye kuisoma huona kwamba kila moja lilizaliwa kwa haja ya kweli. Huko Uingereza watu waliojizuia nyama walikuwa wakinasibishwa na Pythagoras, mwanafalsafa wa Wayunani wa kale, mpaka mwaka 1847 ambapo chama cha wala mboga kiliundwa katika mji wa Ramsgate na jina jipya likashika; na mwaka 1944 Donald Watson na wenzake, walioona kwamba maziwa na mayai nayo ni haki ya mnyama aliyenyang'anywa, wakajitenga na kujiita vegani. William Banting alikuwa mtengeneza majeneza wa London, mnene kiasi cha kushindwa kuinama afunge viatu vyake, na ngazi akizishuka kinyumenyume. Tabibu wake alimkataza mkate, sukari, viazi na bia, akapungua, akaandika kijitabu mwaka 1863 cha kuwaeleza walimwengu afueni yake, na muda si muda jina la ukoo wake likawa kitenzi katika lugha ya Kiingereza, na katika siku zetu Waafrika Kusini wamelifufua. Mlo wa keto nao, ambao vijana wa mjini wanautaja kama jambo la jana, ulitajwa kwa jina hilo mwaka 1921 na Dakta Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, naye hakuwa akitafuta kupunguza kiuno cha mtu yeyote. Alikuwa akitafuta dawa ya kifafa, na wengi walionufaika nao walikuwa watoto wadogo waliosumbuliwa na degedege. Dhamiri, unene, kifafa: hizo ndizo haja. Kisha majina yakawatoka wenyewe, yakaenda sokoni.

Lakini kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha kisiwa cha Krete. Wakulima wa huko katika miaka ya baada ya vita vikuu vya pili walikuwa wakila mkate mzito, mafuta ya zeituni, jamii ya kunde, majani ya kondeni na matunda, na nyama wakiionja mara chache, na sababu kubwa ya mlo huo ilikuwa umaskini wala si hekima. Ungalimwambia mmoja wao kwamba anafuata mlo fulani angalikutazama kwa huruma. Mtaalamu wa Marekani, Ancel Keys, ndiye aliyestaajabu kuona kwamba watu wale hawakufa kwa maradhi ya moyo kwa wingi kama matajiri wa nchi yake, akawafanyia utafiti pamoja na watu wa nchi nyingine sita, na mwaka 1975 yeye na mkewe Margaret wakatoa kitabu kilichoutangaza mlo huo kwa jina la Bahari ya Mediterania. Mwaka 2010 UNESCO ikauandika katika orodha ya urithi wa wanadamu. Jina lililetwa na mgeni. Wenyeji walikuwa na chakula tu, na chakula hicho ndicho kilichowalinda. Fauka ya hayo, wajukuu wa wakulima wale wana jina pamoja na cheti cha urithi, ilhali wengi wao wameyaacha majani ya kondeni na kuielekea nyama, wala cheti hakikuwazuia.

Nasi tunalo jina letu, tusijione tumesalimika. Pita katika barabara za miji yetu utaona mbao zilizoandikwa "chakula cha asili", na ndani yake muhogo, mahindi ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga na kachumbari ya nyanya. Vyakula vizuri vyote, nami ni mteja, ila hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho babu zetu wa zamani za Kilwa walikijua, kwa kuwa vyote asili yake ni Amerika na vililetwa ng'ambo hii baada ya Wareno kufungua njia zao za bahari. Ndizi na nazi zilivitangulia kutoka Asia kwa upepo wa msimu. Mwenye kutaka asili safi na ashike mtama, ulezi na kunde, na nadhani mbao nyingi zitateremshwa. Wala tusidanganyane kwamba wazee wote walikula kwa kiasi. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alipofika pwani hii mwaka 1331 alikaribishwa Mogadishu kwa wali uliopikwa kwa samli katika chano kikubwa cha mti, juu yake kuku, nyama, samaki na mboga, kando yake ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, pamoja na achari ya ndimu, tangawizi na maembe. Na aliandika kwa mshangao kwamba mtu mmoja wa mji ule hula chakula cha jamaa zima, na miili yao ni minene kwa ajili hiyo. Alipofika Mombasa aliwakuta watu chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Pwani moja, safari moja, na milo miwili ya dini moja. Ipi kati ya hiyo tuiite asili?

Jambo linalonitia shaka katika lakabu hizi ni kwamba karibu zote hueleza kilichoondolewa, zikanyamaza juu ya kilichosalia. Kijana anayeishi kwa chipsi zilizokaangwa katika mafuta ya mimea, mahamri ya tui na soda mbili kwa siku hana nyama sahanini, hana yai, hana tone la maziwa. Cheo cha vegani anakistahiki kwa kila kipimo, na mishipa ya damu yake haina habari na cheo hicho. Biskuti zisizo na hiki wala kile huuzwa kwa bei ya kutisha, na sukari imo. Tena jina likiisha kukaa juu ya mtu huwa kama madhehebu: lina imamu wake na vitabu vyake, lina wazushi wake, na kosa moja mezani huhesabiwa kuwa ni kutoka katika imani, nami nimewaona watu ambao kwa kula kipande kimoja cha keki siku ya Ijumaa walijihukumu wameritadi, wakala keki yote, wakaahidi kutubu Jumatatu. Asiye na jina la kuvunja angalikula kipande kile, akanawa, akaendelea na maisha yake.

Si muda mrefu nilikuwa harusini, tumekaa watano kwenye sinia moja. Nawaomba wasomaji wa mbali waelewe adabu ya sinia: kila mmoja hula upande unaomwelekea, na mwenye kutaka kupunguza hupunguza bila ya mtu kujua, kwa kuwa kilima cha pilau hushuka kwa wote pamoja, na nyama husogezwa kwa vidole kumwelekea jirani kwa jina la ukarimu. Sijaona chombo kinachositiri kiasi cha mtu kuliko hicho. Kwenye sinia yetu alikuwamo kijana mtanashati, ambaye ulipofika wakati wa kutia mkono alitangaza kwamba yeye yumo katika keto, hali wali. Mzee mmoja aliyekaa mkabala naye akasimamisha tonge.

"Daktari kakukataza, mwanangu?"

"La, ami, ni mimi mwenyewe tu."

"Basi kula nyama, mwachie mwenzio wali. Ulikuwa huna haja ya kututangazia."

Kijana akacheka, nasi tukacheka, lakini aliyekuwa upande wa kushoto akauliza keto ni nini, akaelezwa, akapinga, akataja jamaa yake aliyeacha wali akazirai, wa tatu akaleta habari za siki ya tufaha, na mpaka sharubati inaletwa tulikuwa hatujamwombea dua bwana harusi. Mzee hakusema tena. Alikula kidogo sana, nami niliona, naye alijua kwamba nimeona.

Sisemi kwamba mtu asitamke neno. Mwenye kisukari na aseme ana kisukari, na ambaye karanga moja humvimbisha koo na aseme mapema na kwa sauti, kwa kuwa hapo kunyamaza ni kujihatarisha na kumtia mwenyeji katika msiba asioukusudia. Watu wetu walilijua hilo zamani. Katika jamaa nyingi kuna samaki au mnyama asiyeliwa, na mganga naye humpa mgonjwa wake mwiko wa kitu fulani; mwenye nao akikaribishwa husema tu "huyu kwetu ni mwiko," na mwenyeji huondoa kile akaleta kingine, pasipo kudai dalili wala kujiona amehukumiwa. Wala kwetu sijamsikia mtu akijiita kwa jina la samaki asiyemla. Aliyeiacha nyama kwa dhamiri, kwa kumhurumia mnyama, namheshimu na jina lake namwachia, kwani yeye hakusudii afya yake bali anashuhudia jambo, na shahidi hana budi kujulikana. Hata anayeanza, ambaye nia yake bado ni changa, yamkini akasaidiwa na kanuni nyepesi yenye jina mpaka mkono wake uzoee. Hao ni watu watatu. Sisi wengine, tunaotaka tu shinikizo lishuke na magoti yatuchukue mpaka msikitini na sokoni, jina latufaa nini? Linamfaa mwenye kutuuzia.

Na maadamu nimeulizwa, acha niseme kinachonisumbua kweli katika nyumba za watu, ambacho hakuna daiti inayokitibu. Ni birika. Wali naweza kuupunguza, nyama naweza kumsogezea jirani, lakini chai ya kwetu hutiwa sukari motoni, ikachemka nayo, na mgeni humiminiwa kikombe ambacho hawezi kukipunguza ila kwa kukiacha, na kukiacha ni utovu wa adabu. Wagonjwa wa sukari hukinywa kwa haya. Shangazi yangu mmoja ameanza kuchemsha chai kavu ya tangawizi na iliki, akaweka bakuli la sukari na kijiko pembeni, kila mtu atie atakacho. Majirani walimsema mwanzoni kwamba amekuwa mchoyo, sasa nyumba mbili za mtaa ule zimemwiga, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeulizwa anafuata nini.