Gawio na Saa ya Kumi na Moja

Somo: Mathayo 20:1–16

Watu wawili wamefunga mwaka wakiwa na akiba sawa katika chama kimoja cha akiba na mikopo (SACCO), shilingi 60,000 kila mmoja. Mkutano mkuu unatangaza gawio la asilimia 10. Mmoja anapokea shilingi 3,250, mwenzake anapokea 500. Hapo ndipo minong'ono huanza, na mara nyingine huletwa hadi ofisini kwa mchungaji. Lakini hakuna aliyeibiwa.

Wa kwanza alikuwa akiweka shilingi 5,000 kila mwezi tangu Januari. Vyama vingi hupima kila shilingi kwa muda iliokaa: ya Januari huhesabiwa miezi 12, ya Februari 11, na kuendelea hadi ya Desemba, ambayo ina mwezi mmoja tu. Jumlisha miezi hiyo upate 78. Zidisha kwa 5,000, gawanya kwa 12, na akiba yake ya kuhesabiwa faida inakuwa shilingi 32,500. Asilimia 10 yake ndiyo hiyo 3,250. Wa pili aliuza ng'ombe Desemba akaweka zote 60,000 kwa mpigo. Mwezi mmoja kati ya 12 unampa akiba ya kuhesabiwa ya 5,000, na faida ya 500. (Wenye vyama watanisahihisha kwamba gawio ni la hisa, na faida ya akiba huitwa riba. Ni kweli, ila barazani sote tunasema gawio.)

Mifuko ya pensheni inatofautiana na SACCO katika jambo moja kubwa. Wadhamini hukusanya mapato ya mwaka kutoka kwenye hati fungani za serikali, hisa na majengo, wakatoa gharama, kisha wakatangaza kiwango. Faida hiyo hupewi mkononi ukalipe karo. Inaingia kwenye akaunti yako, na mwaka unaofuata nayo inazaa. Kwa asilimia 10 kila mwaka, fedha hukaribia kuwa maradufu kwa miaka saba. Ndiyo maana miezi ya ujanani ina thamani kuliko miezi ya karibu na kustaafu, hata kama mshahara wa ujanani ulikuwa mdogo.

Mimi hesabu hii naipenda. Haina upendeleo, haijui cheo cha mtu wala kabila lake. Ndiyo sababu mfano wa Yesu kuhusu shamba la mizabibu unatukwaza: waliotoka alfajiri na walioingia saa kumi na moja jioni wanalipwa dinari moja moja. Mhasibu yeyote angekataa kutia sahihi. Tumezoea kuuhubiri kama habari ya neema, na ni sawa. Neema ya Mungu haigawanywi kwa 12. Lakini mhubiri asiitumie neema hiyo kuwaambia waumini kwamba akiba haina haja, kwa kuwa Bwana atatoa. Mwenye shamba alitoa kwa sababu shamba lilikuwa lake. SACCO si ya mwenyekiti.

Kuna jambo jingine katika mfano huo ambalo tunalipita haraka. Mwenye shamba hakujali saa, ila alijali jioni. Jua liliposhuka alimwagiza msimamizi alipe watu, siku ile ile. Torati ilikuwa imeamuru hivyo katika Kumbukumbu la Torati 24: ujira wa kibarua maskini usilaliwe na jua. Na Yakobo, katika sura ya tano, anawakaripia matajiri waliouzuia ujira wa wavunaji.

Sasa ulete ujira huo Kenya ya leo. Sheria ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ya mwaka 2013, ambayo utekelezaji wake ulianza Februari 2023, inamtaka mfanyakazi achangie asilimia 6 na mwajiri asilimia 6. Mchango wa mwezi unatakiwa ufike ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mchukue dada anayepika na kulea watoto nyumbani kwako kwa shilingi 15,000. Anakatwa 900, nawe unaongeza 900. Hiyo ni 1,800 kwa mwezi, 21,600 kwa mwaka.

Tuseme unamkata kila mwezi lakini unapeleka zote Desemba, baada ya kuzizungusha kwenye biashara yako. Moyoni unajiambia hujamdhulumu, maana zimefika zote. Rudi kwenye hesabu yetu ya miezi na asilimia 10 ile ile ya mfano. Zikipelekwa kwa wakati, mwaka huo zinazaa shilingi 1,170. Zikipelekwa Desemba, zinazaa 180. Zile 990 zilizopotea, zikiachwa zizae kwa kiwango hicho miaka 30, zingezidi shilingi 17,000. Na huo ni mwaka mmoja wa kuchelewa. Atastaafu akiwa na upungufu ambao hatajua ulitoka wapi, wala hatakuwa na wa kumlalamikia.

Kuna pia wale ambao hawajaajiriwa na yeyote, kama wale waliosimama sokoni hadi jioni: wa bodaboda, mama mboga, fundi wa jua kali. Kwao ulianzishwa mpango wa Mbao mwaka 2011, shilingi 20 kwa siku, na baadaye NSSF ikaleta Haba Haba, shilingi 25. Vikundi vyetu vya akina mama na vijana vinaweza kujiunga bila kungoja harambee.

Kanisa nalo ni mwajiri. Mlinzi wa lango, mpishi wa mapadre, mfagiaji, katekista anayelipwa kila mwezi: wazee wa kanisa, ombeni taarifa ya michango yao kabla ya kikao kijacho cha fedha. Nawe uliye na mfanyakazi nyumbani au dukani, kama mchango wake wa mwezi uliopita bado uko kwako, upeleke kesho asubuhi.