MSHAHARA WA MTU UNAPITA MIKONONI MWAKO

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Ndugu Muislamu, Ijumaa hii tunaongea na wewe unayefanya kazi katika kampuni ya kutafutia migodi watu, ile wengi wanaiita sutretansi. Wewe hauingii mgodini. Uko katika biro: unapokea dosie, unaita majina, unaandika kontra, unahesabu siku za kazi. Vijana wengi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanakula kwa kazi hiyo, na swali lao ni moja: mimi ninaandika tu, bei sikuipanga mimi; kama mfanyakazi anadhulumiwa, dhambi ni ya nani?

Tuanze na lililo halali. Kumkutanisha mwenye kazi na mwenye nguvu si dhambi. Imamu Bukhari, katika mlango wa ujira wa dalali, anawataja Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na Hasan kwamba hawakuona ubaya ndani yake. Anayetafuta mtu, akamjaribu, akamleta, naye ametoa jasho lake.

Lakini tazama mapatano ya Nabii Musa (a.s.) kule Madyan, katika Sura ya Al-Qasas. Binti alimwambia baba yake amwajiri Musa, kwa sababu ni mwenye nguvu na mwaminifu. Mzee akataja miaka wazi: minane, na kama Musa akitimiza kumi, hiyo ni hiari yake. Musa akasikia yote, akakubali. Hakuna sharti lililofichwa. Hapo ndipo mpaka ulipo, ndugu yangu. Ukichukua ujira wa kutafuta, na mfanyakazi anaujua, umekula chako. Ukichukua sehemu ya mshahara wake bila yeye kujua, umekula chake.

Jambo hili si jipya katika nchi yetu. Mwaka 1910, wakati wa Wabelgiji, iliundwa Bourse du Travail du Katanga kwa kutafutia migodi watu. Wazee wetu waliletwa toka mbali, na wengi hawakuulizwa kama wanataka. Leo hakuna anayefungwa kamba, lakini njaa pia ni kamba. Mwezi wa Novemba 2021 shirika la RAID la Uingereza, pamoja na CAJJ ya Kolwezi, walitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa ya kobalti. Walikadiria kwamba asilimia 57 ya wafanyakazi walikuwa chini ya kampuni za kati. Mtu anachimba pale pale, jua lile lile, vumbi lile lile, lakini anapata kidogo kuliko mwenzake aliyeandikwa na mgodi wenyewe.

Sasa tuje kwenye kalamu yako. Sheria ya kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema hivi kwa maana yake: anayeajiriwa siku kwa siku, akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, kontra yake inahesabiwa kuwa haina mwisho. Sheria hiyo iliwekwa kumlinda. Lakini kuna maofisi ambako siku ikikaribia mtu anaambiwa: rudi nyumbani, tutakuita. Au jina lake linabadilishwa kidogo katika daftari, aonekane mtu mpya. Nani anayehesabu siku hizo? Nani anayebadilisha jina?

Hiyo ni hila, na Qur'ani imetueleza mwisho wa watu wa hila. Watu wa mji wa pwani walikatazwa kuvua siku ya Sabato. Wafasiri wanasema walitega mitego kabla, wakaja kuchukua samaki baadaye, wakajiona wameshika amri. Mwenyezi Mungu hakudanganyika na hesabu yao ya siku.

Utasema: nikikataa, mwingine atakaa kwenye kiti changu, na watoto wangu watalala njaa. Neno hili ni zito, hatulichezei. Lakini tenganisha mambo mawili. Bei iliyopangwa juu yako, kama hauna uwezo wa kuigeuza, Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake. Bali uongo unaoandikwa kwa mkono wako, huo ni wako. Mwingine akiuandika kesho, atauliziwa yeye. Wewe utauliziwa wa leo. Na hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba.

Basi shika yaliyo mkononi mwako. Msomee mtu kontra yake kwa Kiswahili kabla hajatia saini, na umpe nakala. Mwambie ukweli wa mshahara na siku zake. Usipokee kuku wala dola ili dosie yake iwe juu ya zingine; hiyo ni rushwa, hata ukiiita matabishi. Daftari liandike kama siku zilivyokuwa. Na ukiambiwa uandike uongo, kataa kwa adabu, huku ukitafuta mlango mwingine wa riziki.

Nasi tunaoswali nyuma yako tuna deni. Kijana akipoteza kazi kwa sababu alikataa kudhulumu, tusimwache peke yake. Mwenye duka amfikirie, na mwenye zaka akumbuke nyumba yake. Tukimwambia awe mwaminifu kisha tukamwacha na njaa, tumemtwika mzigo ambao sisi hatukuugusa.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuna watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshindani wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemkodi mtu, akapata kazi yake yote, asimpe ujira wake. Siku hiyo, ndugu yangu, lile daftari litafunguliwa, na mwandiko ulio ndani utajulikana ni wa nani.

Ee Mola wetu, tupe riziki ya halali, uilinde mikono yetu na haki za watu, na uwarudishie waliodhulumiwa jasho lao. Amin.