TUNGOJANE



Wengi mmetuuliza habari za safari yetu ya baiskeli kutoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita, hasa siku ile ya kwanza tulipovuka Busisi. Yaliyotupata siku hiyo si ya kujisifia, lakini tumeona ni vema kuyaleta mbele yenu, kwa kuwa yametufundisha.

Tuliondoka alfajiri, watu 14, baada ya kuomba. Tulimwomba Mungu asimpoteze hata mmoja wetu. Tulipofika Usagara tuliiacha njia ya Shinyanga, tukashika ya Kigongo. Vijana walitangulia na baiskeli zao nyepesi za gia. Nyuma kabisa alikuwa mzee mmoja wa kanisa juu ya Phoenix yake nzito. Pampu na viraka vya wote vilikuwa katika mfuko wa kijana aliyeongoza.

Ninyi mnaoijua njia ile mnakumbuka Kigongo ilivyokuwa. Kila aendaye Sengerema alisimama pale kungoja kivuko. Mwenye gari na mwenye kapu la dagaa, aliyewahi na aliyechelewa, wote walikaa ukingoni pamoja. Na upande wa Busisi mgonjwa wa kwenda Bugando naye alingoja, na kungoja kule kulikuwa mateso. Kwa hiyo twamshukuru Mungu kwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2020 na likafunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Leo gari huvuka kwa dakika chache.

Nasi tulivuka. Upepo wa ziwa ulitupiga ubavuni, maji yakametameta pande zote mbili, tukaimba. Hakuna aliyesimama Kigongo, kwa maana hapakuwa tena na cha kutusimamisha. Tulipofika Busisi tulipumzika, tukaagiza samaki wa kukaanga. Kijana mmoja akagawa, akaona kipande kimoja kimebaki. Vipande vilikuwa 14, nasi tulikuwa 13.

Wawili walirudi mbio na pampu. Wakamkuta mzee katikati ya daraja, akisukuma baiskeli, gurudumu la nyuma halina upepo. Alipata pancha kabla ya Kigongo, akatembea karibu saa nzima peke yake. Vijana wakampa shikamoo na kumwomba radhi. Hakuwakemea. Alisema tu, "Wanangu, siku za kivuko ningewakuta Kigongo bado mmesimama."

Ndugu, neno lile lilituchoma kuliko jua. Mara nyingi tulisafiri njia ile zamani, na kila mara tulivuka pamoja, tukadhani ni kwa sababu twapendana. Kumbe ni kivuko kilichotukusanya! Kilipoondoka, ikaonekana wazi upendo wetu ulikuwa mdogo kiasi gani. Tena tulikuwa tumemwomba Mungu asimpoteze mtu, kisha tukampoteza sisi wenyewe.

Someni Mwanzo 33. Esau alikuwa na watu 400, akamtaka Yakobo waende pamoja. Yakobo alijua kwamba watoto wake ni wachanga na wanyama wake wananyonyesha, na kwamba wakiharakishwa siku moja tu watakufa. Akachagua kwenda polepole, kwa mwendo wa wale wadogo. Hakuona haya kubaki nyuma ya Esau. Naye Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 11, aliwaonya Wakristo waliotangulia kula huku wenzao wana njaa. Aliwaagiza wangojane. Hivyo asiyeweza kumngoja mwenzake hajaielewa bado Meza ya Bwana.

Je, katika parishi yetu wako wangapi waliobaki nyuma ya daraja? Yuko mjane ambaye tangu matanga yalipokwisha hatujagonga mlango wake. Yuko asiyejua kusoma, naye hukaa kimya darasani asichekwe. Iko jamaa iliyoshindwa kutimiza ahadi yake, ikaona haya kuja kanisani. Hawa hawajamwacha Mungu. Wamepata pancha, na pampu tumeichukua sisi tulio mbele.

Pale Busisi tulitengeneza mambo kwa namna mbili. Mzee tulimweka mbele ili mwendo wake uwe mwendo wetu sote, na pampu tukampa kijana mwenye nguvu akae nyuma kabisa. Tulifika Sengerema jua limekwisha kuzama, tumechelewa sana, lakini tulikuwa 14.

Basi twawaomba wazee wa kanisa, akina mama na vijana wa kila mtaa, mwezi huu mhesabu watu wenu kwa majina. Asiyeonekana aendewe nyumbani kwake. Msiende kumwuliza kwa nini hakuja. Ketini naye kwanza, mkajue kilichomkwamisha.

Ee Bwana, Mchungaji mwema, uliyewaacha wale 99 ukamtafuta mmoja, utupe moyo wa kusimama hata pasipo kivuko. Amina.

Ni sisi wenzenu katika safari.