Mafuta Mabaya Hayachagui Silinda

Pikapu yetu ya nyumbani ina umri unaokaribiana na wangu. Injini ya petroli, silinda nne, kabureta, distributa. Haina kompyuta ya kumwambia fundi inaumwa wapi. Jumamosi moja nilijaza mafuta asubuhi Morogoro, nikashika barabara ya Dodoma, na kabla sijafika Dumila ikaanza kumisi. Ghafla tu. Inatetemeka, inakohoa, ukikanyaga mafuta inagoma kuchanganya.

Sikuona haja ya fundi, jibu nilikuwa nalo. Jana ilikuwa nzima, leo nimejaza mafuta, leo imeharibika: mafuta yamechakachuliwa. Na nani angenibishia? Hii ni nchi ambayo mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili watu waache kuyachanganya na mafuta ya magari. Nikiwa bado nimeegesha pembeni ya barabara, nikaandika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa: jina la kituo, na “yule kijana wa pampu ya mwisho”. Mimi ni mwandishi wa habari. Kazini siwezi kuandika sentensi kama ile bila kwanza kumtafuta ninayemtuhumu.

Nilikokota gari hadi gereji ya chini ya mwembe. Fundi, mzee mmoja mpole, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Sawa, mwanangu. Washa.” Injini ikiwa inanguruma, akashika koleo lenye mpini wa plastiki, akachomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ikazidi kuyumba. Akaurudisha. Wa pili, hivyohivyo. Akachomoa wa tatu: hakuna kilichobadilika. Wa nne, ikayumba tena.

“Mgonjwa ni huyu wa tatu,” akasema. “Ukimtoa, wenzake hata hawashtuki. Sasa hayo mafuta yako yanakwenda silinda zote nne. Mafuta mabaya hayachagui silinda.”

Akabadilishana plagi ya tatu na ya pili. Ugonjwa ukabaki palepale, kwenye silinda ya tatu. Plagi haina kosa. Akajaribu waya mwingine, palepale. Ndipo akafungua kifuniko cha distributa na kunionyesha, kwa ndani, mstari mweusi mwembamba kama unywele. Umeme uliotakiwa kufika kwenye plagi ya tatu ulikuwa umepata njia ya mkato. “Mliosha injini?”

Niliosha. Jana yake, mwenyewe, kwa mpira wa maji ya presha.

Akafunga kifuniko kingine, injini ikatulia. Nikatoa hela. Akanizuia, akafungua tena, akarudisha kile kibovu. Ikamisi. “Ikipona tu, unaweza kusema bahati,” akasema. “Ukirudisha kibovu na ugonjwa ukarudi, hapo unajua.”

Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza, W. K. Clifford, alichapisha insha kuhusu maadili ya kuamini. Anasimulia mwenye meli kuukuu ambaye anaibana shaka yake mpaka anaamini kwa moyo safi kwamba meli ni salama. Inazama na abiria wake. Clifford anasema ana hatia. Kisha anaongeza jambo lililonikaa kooni: hata kama meli ingefika salama, hatia ingekuwa ileile, maana hakuwa na haki ya kuamini kwa ushahidi aliokuwa nao.

Kwa hiyo hata kama mafuta yangekuwa machafu kweli, mimi bado ningekuwa nimemkosea yule kijana. Utaniambia raia lazima watahadharishane, ukisubiri uhakika wengine wanaumia. Ni kweli. Lakini ningeweza kuandika: gari yangu imemisi baada ya kujaza mafuta, chanzo bado sijakijua. Tahadhari ingewafikia wote bila jina la mtu. Sikuandika hivyo kwa sababu haina utamu. Utamu ulikuwa katika kumpata mkosaji.

Nilifuta ujumbe, nikaomba radhi grupuni. Wachache waliijibu radhi. Tuhuma ilijibiwa na karibu kila mtu. Wiki iliyofuata nikaenda kituoni. Kijana hakuwepo. Mwenzake akasema haonekani pale siku kadhaa sasa, labda kapata kazi kwingine, labda bosi kamwambia apumzike, yeye hajui.

Huenda ni mimi. Huenda mambo mawili yalifuatana tu, kama mafuta na ule mtetemo. Ili nijue kwa uhakika, ningefanya kama yule mzee: nirudishe kibovu, niangalie kama ugonjwa utarudi. Kwa kifuniko cha distributa inawezekana. Kwa kijana wa watu, hapana.