Je, ni Haki Kumpangia Mtu Mema Pasipo Kumwuliza?

Kila mkristu ajua kwamba kumtendea jirani mabaya ni dhambi. Lakini liko swali jingine, nalo ni gumu zaidi. Mtu akitaka kuwatendea wenziwe mema, je, yampasa kuwauliza kwanza? Au wema wa jambo lenyewe watosha?

Ufikiriwe mfano huu. Wageni wenye moyo mwema wanafika kijijini. Wameona jinsi msitu unavyopungua kwa ajili ya kuni na makaa, nao wanagawa mbabula mpya zinazokula kuni chache. Jambo ni jema. Lakini akina mama hawakuulizwa. Mbabula ni nyembamba, na nyungu ya bugali haikai imara juu yake. Mama akishika mwiko na kusonga kwa nguvu, nyungu yapinduka, na mtoto aliye karibu aweza kuungua. Baada ya siku chache kuku wanatagia ndani ya mbabula, na mafiga matatu yamerudi mahali pake. Wageni wanasema: «Watu hawa hawapendi maendeleo.» Akina mama wanasema: «Wageni hawa hawajui kupika.» Wazee walinena kweli: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi, sababu ya kwanza ya kuuliza ni maarifa: mwenye kukaa mahali anajua yale asiyoyajua mpita njia. Lakini iko sababu iliyo kubwa kuliko hiyo, nayo ni haki. Mungu alimwumba mtu kwa mfano wake, akampa akili ya kujua na utashi wa kuchagua. Ng'ombe hupelekwa malishoni pasipo kuulizwa. Mtu si ng'ombe. Anayempangia mtu mzima maisha yake pasipo kulisikia neno lake, hata akimpa mkate, amemnyima heshima. Kwa hiyo Papa Pius XI, katika barua yake Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, alifundisha kwamba kazi ambayo watu au jamaa ndogo waweza kuitimiza wenyewe, si haki wakubwa kuwanyang'anya. Naye Papa Fransisko, katika barua Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba miji ikipangwa, maoni ya wakaaji wake lazima yasikilizwe.

Jambo hilo ni zito hata katika miji ya Ulaya, ambako watu huchoma mafuta mengi kupita wanakijiji. Petroli, gesi na makaa ya mawe yakiungua hutoa hewa ya ukaa, isiyoonekana kwa macho. Hewa hiyo ikizidi angani huzuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi izuiavyo joto la mwili. Ndiyo sababu miji mingine imetafuta namna ya kujenga mitaa itumiayo moto kidogo na motokari chache.

Katika mji wa Freiburg, nchi ya Ujerumani, palikuwa na kambi ya askari wa Ufaransa iliyoitwa Vauban. Askari waliondoka mwaka 1992, na wakuu wa mji wakaazimu kujenga mtaa mpya mahali pale. Mara nyingi watu wa ofisi huchora ramani peke yao, kisha wakaaji huitwa waingie katika nyumba zilizokwisha kujengwa. Huko haikuwa hivyo. Mwaka 1994 raia walianzisha chama kilichoitwa Forum Vauban, na mwaka 1995 wakuu wa mji wakakikubali kiwe njia ya kusikiliza shauri la watu. Waliotaka kukaa huko wakakutana na wachora ramani, wakabishana juu ya nyumba, miti, njia na mahali pa watoto kucheza. Jamaa kadhaa ziliungana, zikanunua kiwanja pamoja na kujijengea. Nyumba nyingi zilijengwa kwa kuta zinazoshika joto wakati wa baridi. Mwaka 2006 ikafika reli ya tramu, ndiyo gari la umeme lichukualo watu wengi pamoja.

Shauri lenye ugumu lilikuwa la motokari. Wengi walitaka njia zilizo mbele ya nyumba ziwe za watoto. Lakini sheria ilidai kila nyumba iwe na mahali pa kuweka motokari. Baada ya mabishano shauri likapatikana: wenye motokari waziweke katika majengo yaliyo kando ya mtaa, nao walipe gharama yake, wasio nazo watie sahihi kwamba hawana, na kuchangia kiwanja kinachohifadhiwa, ili majengo mengine yapate nafasi siku yatakapohitajika. Aliyetia sahihi yake katika shauri la namna hiyo hawezi kusema kwamba ameonewa. Akilivunja, amevunja neno lake mwenyewe.

Kanisa liliijua njia hiyo tangu mwanzo. Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 6, chasimulia jinsi wakristu wa lugha ya Kigiriki huko Yeruzalemu walivyonung'unika, kwa kuwa wajane wao walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume walikuwa na mamlaka waliyopewa na Bwana. Wangeweza kuamuru na kunyamazisha. Walakini waliukusanya umati wa waamini, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema. Waamini wakachagua, Mitume wakasali na kuwawekea mikono. Majina ya wale saba yote ni ya Kigiriki. Basi, malalamiko hayakukaripiwa, na kazi ya kugawa ilitiwa mikononi mwa watu wanaoijua lugha ya wajane wale.

Huenda mtu atasema: «Wengi wakiulizwa, kazi huchelewa; tena wengi waweza kukosea.» Ni kweli. Watu wote wakikubaliana kuiba, wizi haugeuki kuwa haki. Kuulizwa hakumpi mtu ruhusa ya kutenda mabaya. Kwamtwika mzigo wa kusema kweli, kutafuta faida ya wote, na kulishika neno lililokubaliwa hata pasipo mtu wa kumtazama.

Tena katika kila baraza wako wasiokuwapo: mjane anayeogopa kusema, mgonjwa, mtoto ambaye hajazaliwa. Mkulima wa Kongo, ambaye mvua zikivurugika hukosa mavuno, hakuketi katika baraza la Freiburg; walakini kila motokari isiyowashwa huko yampunguzia yeye mzigo kidogo. Vivyo hivyo, wazee wa kijiji wakikata shauri juu ya msitu, wajukuu wao hawapo kujitetea. Haki yataka aliyepo aulizwe. Upendo wazidi hapo: wamkumbuka asiyeweza kuulizwa, na kumwekea kiti.

Mkatekumeni anayejitayarisha kwa Ubatizo ajua jambo hili kwa nafsi yake. Siku ile, Mungu Mwenyezi, aliyemwumba pasipo kumwuliza, hatamwokoa pasipo kumwuliza. Padri atamwuliza mbele ya watu wote kama anaamini, naye atajibu kwa kinywa chake mwenyewe. Ikiwa Mungu angoja jibu la mtu, ni mwanadamu gani atakayeona kwamba kungoja ni kupoteza wakati?

Maulizo ya kufikiri:
1. Katika kijiji, ni nani ambao neno lao halisikilizwi shauri linapokatwa?
2. Mtu aliyeulizwa na kukubali, amefungwa na wajibu gani?
3. Ni nani atakayesema kwa ajili ya wale ambao hawajazaliwa?